Risasi Chemba au Chemba Tupu: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Leseni ya Bastola

Kabati la nguo chumbani kwangu lina tundu dogo upande wa kushoto, la kupitisha kidole cha mwisho. Ukifungua kabati hilo utakuta suti ya kijivu iliyotoboka begani na mgongoni, ambayo mama watoto alinikataza kuitupa. "Ikae hapo hapo," alisema, "uwe unaiona kila Jumapili ukivaa."

Ilikuwa jioni ya kawaida. Nimetoka kazini nimechoka, nikachomoa bastola kiunoni niifungie kwenye sefu. Kupakua bastola kuna mambo mawili: unatoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kisha unavuta slaidi, chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, ili risasi iliyo chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamofyatuliwa, iruke nje. Mimi nikayageuza. Nilivuta slaidi kwanza, risasi ikadondoka kitandani, roho ikatulia. Slaidi iliporudi mbele ikachota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Ndipo nikatoa magazini. Nikabaki na bastola ambayo ningeweza kuiapia kwamba ni tupu, na nikabonyeza triga, yaani kifyatulio, "kuhakikisha".

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo mtu mwenye leseni mpya akiniuliza kama abebe bastola ikiwa na risasi chemba, simjibu kwa hesabu za sekunde kama wanavyopenda vijana wa uwanja wa shabaha. Risasi iliyotoboa suti yangu haikutoka wakati wa kubeba. Ilitoka wakati wa kupakua, mikononi mwa mtu aliyekuwa na leseni halali na miaka kadhaa ya kubeba.

Jibu langu ni hili. Beba risasi chemba ukiwa na mambo manne yote kwa pamoja: bastola ambayo pini yake, ile inayogonga risasi ilie, ina kizuizi cha ndani, holsta (ala ya bastola) ngumu inayofunika triga yote, mazoezi ya kweli, na utaratibu mmoja wa kupakia na kupakua usiobadilika hata ukiwa na homa. Likikosekana moja, chemba ikae tupu, wala usione haya. Na ukishachagua, shikilia hapo. Anayenitia hofu kuliko wote ni yule ambaye Jumatatu chemba ina risasi, Jumatano haina, Ijumaa mwenyewe hakumbuki.

Nachukulia kwamba leseni unayo, hai, kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na unaihuisha kila mwaka. Nazungumza zaidi na wa Kenya kwa sababu ndiko ninakobeba. Wa Tanzania wanaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, lakini habari za chuma, ngozi na vidole ni zile zile. Kama huna leseni, mwongozo huu haukuhusu.

Maneno kwanza, tusije tukapotezana

Watu husema "imekokiwa" wakimaanisha mambo matatu tofauti. Mmoja ana maana risasi iko chemba, mwingine nyundo, kile chuma cha nyuma kinachopiga pini, imerudi nyuma, wa tatu anaona magazini imeingia basi anadhani yametimia. Ndiyo maana mgawanyo wa Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefungua shule ya bastola ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, bado unatumika. Aliutunga akiifikiria bastola ya Colt 1911.

Hali ya Nne ni chemba tupu na magazini haimo. Hali ya Tatu, magazini yenye risasi imo lakini chemba ni tupu. Hali ya Pili, risasi iko chemba na nyundo imeshushwa. Hali ya Kwanza, risasi iko chemba, nyundo imekokiwa (imerudishwa nyuma), sefti, yaani kifungio cha usalama, imefungwa. Hali ya Sifuri ni hiyo hiyo lakini sefti imefunguliwa, na hiyo si hali ya kutembea nayo mjini. Bastola ya Glock haina nyundo ya nje wala sefti ya kubofya kwa kidole gumba, kwa hiyo haiingii sawasawa katika orodha hii. Wengi huiita Hali ya Kwanza ikiwa na risasi chemba.

Ubishi wote unaousikia ni kati ya ya Kwanza na ya Tatu. Hali ya Tatu wengi huiita "ubebaji wa Kiisraeli", kwa sababu Israeli ilikuwa na silaha za kila aina na watu wengi wa kufundisha kwa muda mfupi, ikaonekana sheria moja inayofaa bastola zote ni chemba tupu. Ilikuwa sababu ya busara kwa mazingira yale. Jiulize kama mazingira yako yanafanana nayo.

Hatua ya kwanza: ijue bastola yako kwa jina lake lote

Kenya bastola ikiwa ya CZ, kampuni ya Ucheki, inaitwa Ceska, yamekwisha. Magazeti huandika "bastola aina ya Ceska" kama mtu anavyosema "gari aina ya Toyota", bila kueleza ni Vitz au ni Land Cruiser. Kwa jambo letu hili, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tuanzie ndani. Risasi ina ganda, baruti, kichwa, na nyuma yake fataki ndogo. Triga ikibonyezwa, pini hugonga fataki, fataki huwasha baruti. Swali la usalama ni moja: kuna kitu gani kinachoizuia pini isiifikie fataki wakati hujagusa triga? Katika bastola nyingi za zamani jibu lilikuwa ni kidogo au hakuna. Wenye rivolva za Colt za 1873 walijaza risasi 5 katika matundu 6, nyundo ikalala juu ya tundu tupu, maana silaha ikianguka na nyundo ikapigwa na jiwe, risasi inatoka. Ruger alikuja kulimaliza tatizo hilo katika rivolva zake za aina hiyo mwaka 1973. Colt waliweka kizuizi cha pini katika 1911 zao za Series 80 mwaka 1983. Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilizaliwa nacho: pini imefungwa hadi triga irudishwe nyuma kabisa.

Sasa rudi kwenye Ceska yako. CZ 75 ya zamani haina kizuizi cha pini. CZ 75 B inacho, na hiyo B ndiyo alama yake. Halafu kuna 75 BD, ambayo ina kitufe cha kushushia nyundo bila wewe kugusa triga. Tofauti hizi huzioni kwa mbali. Ziko katika maandishi ya ubavuni, kwa hiyo washa taa usome. Mwenye 75 au 75 B ya kawaida akitaka kubeba risasi chemba huku nyundo imeshushwa, inambidi aizuie nyundo kwa kidole gumba, abonyeze triga, na kuishusha taratibu juu ya risasi hai. Kidole kikiteleza, imelia. Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo ndani ya gari, usukani mapajani. Kwa 75 B njia salama zaidi ni Hali ya Kwanza, nyundo juu na sefti imefungwa, kama umefanya mazoezi ya kuifungua sefti wakati wa kuchomoa. Kwa 75 ya zamani isiyo na B, ushauri wangu ni chemba tupu. Na mwenye CZ P-07 asome kijitabu chake: bastola hiyo inaweza kuwekewa sefti au kitufe cha kushushia nyundo, na ile uliyonunua kwa mtu huenda ilishabadilishwa.

Bastola ya kisasa nayo si ya kuaminiwa kwa macho. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuzifanyia marekebisho bastola zake za P320 baada ya kubainika kwamba zilizokuwa zimeshauzwa zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Ukiwa na P320 ya kabla ya hapo, mpelekee muuza silaha mwenye leseni au fundi wake namba ya silaha athibitishe kama ilirekebishwa. Na usimruhusu fundi yeyote akulegezee triga iwe laini. Bastola ya kiunoni si ya mashindano.

Hatua ya pili: hesabu ya sekunde, na mipaka yake

Hoja kuu ya wanaobeba risasi chemba ni muda, na ni hoja nzito. Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 matokeo ya jaribio rahisi: mtu mwenye kisu anamaliza futi 21, yaani mita 6 na nusu hivi, kwa sekunde moja na nusu. Huo ni urefu wa matatu ndogo na kipande. Kuchomoa tu kutoka chini ya shati kunakula muda huo huo kwa mtu wa kawaida. Ukiongeza kuvuta slaidi umeongeza tena.

Lakini muda si ndiyo hoja kubwa. Hoja kubwa ni mikono. Kuvuta slaidi kunataka mikono miwili, na ukishambuliwa mkono wa pili aghalabu una kazi: umeshika mtoto, umeshika usukani, unamsukuma mtu aliyekukaba. Kuna namna ya kuvuta slaidi kwa mkono mmoja, unanasisha kilengeo cha nyuma, kile kinundu cha kulengea juu ya slaidi, kwenye mkanda au kisigino cha kiatu na kusukuma. Ijaribu uwanjani mbele ya mkufunzi, bastola ikiwa tupu. Utaona jinsi mtutu unavyopenda kuelekea paja lako. Na hata kwa mikono miwili, mtu mwenye hofu huvuta slaidi nusu, risasi ikakwama njiani, akabaki na chuma kisicholia.

Hayo nayakubali yote. Ninachokataa ni kuyatumia mahali yasipofaa. Chukua tukio la getini, ambalo kila mwenye gari Nairobi analiota: unapiga honi, askari anachelewa kufungua, bodaboda yenye watu wawili inasimama dirishani, mtutu uko kwenye kioo. Hapo risasi chemba na chemba tupu ni sawasawa. Mwenzako keshakulenga, wewe una mkanda wa gari kifuani na shati juu ya bastola. Toa funguo.

Mfano mwingine unaotajwa kila baraza la wenye bastola ni wa Abdul Haji, aliyeingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakati wa shambulio la kigaidi la Septemba 2013 na bastola yake ya leseni kumtafuta ndugu yake, akasaidia kutoa watu. Ni ushujaa ambao sitauondoa hata chembe. Ila kwa swali letu hautusaidii: alikuja kwa gari kutoka nje, akijua anakokwenda. Mtu wa namna hiyo ana muda wa kuvuta slaidi mara kumi. Swali la chemba linawahusu wanaoshtukizwa, mita tatu, mkono mmoja ukiwa na mfuko wa sukari.

Na sheria inafuata risasi inakokwenda. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinairejesha kinga ya kujitetea kwenye kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza: nguvu uliyotumia inapimwa kwa tishio lililokuwepo. Kufyatua kwa bahati mbaya hakuna kinga hiyo kabisa. Huwezi kusema ulijitetea dhidi ya meza ya jirani hotelini.

Hatua ya tatu: holsta

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana bastola nyingi za siku hizi, zikiwa nzima, hazijifyatui. Zinafyatuliwa na kitu kilichoingia kwenye triga, na kitu hicho si lazima kiwe kidole.

Novemba 2008 mchezaji maarufu wa soka ya Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku New York na Glock ameichomeka kwenye kiuno cha suruali ya mazoezi, bila holsta, risasi chemba. Ikateleza kuelekea mguuni. Akaifuata kwa mkono kuidaka. Ikamlia pajani. Kwa kuwa hakuwa na leseni ya kuibeba New York, mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Bastola haikuwa na hitilafu yoyote.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa sefu: hakuna holsta, hakuna risasi chemba. Si kiunoni, si mfukoni, si kwenye droo ya gari, si chini ya kiti.

Holsta yenyewe ipime hivi, bastola ikiwa tupu na umehakiki mara mbili. Iingize, kisha jaribu kuibonyeza triga kutoka nje kwa kidole gumba, kwa nguvu zako zote. Ukihisi triga inasogea, hata kidogo, hiyo si holsta, ni mfuko. Geuza kichwa chini juu ya godoro uitikise, isidondoke. Chomoa uone kama mdomo wake unabaki wazi. Ukijifunga, itabidi uanze kuupanua kwa vidole vya mkono wa pili huku mtutu ukivielekea. Mwisho vaa mkanda mgumu, siyo ule laini wa suti, ukae, uiname, uingie kwenye gari na kutoka. Bastola isihame.

Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hasa, ile inayoitwa kaideksi, hupita majaribio yote haya. Ngozi ni habari nyingine. Mafundi wetu wa ngozi wana mikono mizuri na nimewahi kushonewa holsta iliyonipendeza kuliko viatu vyangu. Mwaka wa kwanza ilikuwa ngumu kama ubao. Mwaka wa tatu, jasho la Mombasa na joto la gari viliilainisha, na siku moja nikaona mdomo wake umekunja ulimi kwa ndani, ulimi wa upana wa kidole, pale pale triga inapopita. Kama ningeisukuma bastola ndani bila kuangalia, ngozi ile ingefanya kazi ya kidole. Mwenye holsta ya ngozi aikague kila mwezi, na ikianza kujikunja aikate vipande ili asishawishike kumpa mwenzake.

Mkoba sikubaliani nao kabisa. Desemba 2014, katika duka kubwa mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 alifungua zipu ya mkoba wa mama yake, akashika bastola iliyokuwa humo, akamuua. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya kubebea silaha. Dada zetu wanaobeba wanajua mkoba unavyowekwa kitini, unavyopokewa na msaidizi wa nyumbani, unavyopekuliwa na mtoto anayetafuta peremende. Kama mwili hauwezi kubeba bastola siku hiyo kwa sababu ya nguo, bastola ibaki kwenye sefu. Kama mkoba hauna budi, chemba tupu, na mkoba usitoke begani.

Hatua ya nne: kupakia na kupakua

Chagua sehemu moja ya nyumba, na iwe hiyo hiyo miaka yote. Mimi baada ya ile suti nilijaza mchanga mkavu kwenye ndoo ya lita 20 nikaiweka kona ya chumba. Mtutu huelekea ndani ya ndoo, kwenye mchanga, tangu bastola inapotoka kwenye holsta hadi inapoingia kwenye sefu. Wageni hudhani ni ya kuzimia moto.

Kupakua: kidole nje ya triga. Toa magazini, iweke mbali na mkono, kitandani au mfukoni. Ndipo uvute slaidi, mara tatu. Risasi ya chemba itatoka mara ya kwanza. Ikitoka na ya pili, ina maana magazini hukuitoa, na Mungu amekupa onyo bila kelele. Funga slaidi ikiwa nyuma, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi tundu tupu. Gizani kidole kinaona kuliko jicho. Nasema haya kwa kurefusha kwa sababu Glock haifunguliki kusafishwa mpaka ubonyeze triga kwanza, na wengi waliotoboa kuta zao walikuwa wanajiandaa kuisafisha.

Kupakia ni kinyume chake, mtutu kwenye ndoo: magazini ndani, vuta slaidi na uiachie irudi kwa nguvu yake yenyewe, usiisindikize. Rudisha bastola kwenye holsta taratibu, shati umelikunja juu na kulishika kwa mkono wa pili, macho yako kwenye mdomo wa holsta. Ukihisi kitu kinakataa, usisukume. Chomoa uangalie.

Kuna jambo wanaopakua kila jioni na kupakia kila asubuhi hawaambiwi. Risasi ile ile ikiingizwa chemba kila siku, pua yake hugonga njia ya kuingilia, na kidogo kidogo kichwa husukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na risasi iliyosukumwa sana inaweza kuiharibu bastola mkononi mwako. Iweke kando ya risasi mpya kwenye meza iliyonyooka: kama imefupika hata kwa unene wa ukucha, itenge, usiifyatue. Mimi risasi ya chemba naitia alama ya kalamu kila ikirudi ndani. Ikifika alama nne inaondoka kwenye zamu. Lakini dawa yenyewe ni kutopakua bila sababu. Usiku vua holsta nzima pamoja na bastola ndani yake, funga kwenye sefu hivyo hivyo. Triga imefunikwa, mikono haijagusa kitu, na ukaguzi wa leseni ukija silaha iko chini ya kufuli inavyotakiwa. Kama kuna mtu nyumbani aliyezama katika huzuni nzito, hata ukiwa ni wewe mwenyewe, sefu haitoshi: bastola ikabidhi kwa mwenye duka la silaha au kituo cha polisi mpaka hali itulie.

Bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Kizuizi cha pini kiliwekwa kwa ajili ya sakafu. Hakikuwekwa kwa ajili ya vidole vyako vinavyoidaka hewani, kama Burress alivyogundua.

Wanaofaa kubaki na chemba tupu

Anayekwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwaka, wiki moja kabla ya kuhuisha leseni. Mwenye holsta laini. Mwenye bastola ya urithi ambayo hajui imepita kwa nani. Anayevua na kuvaa bastola mara sita kwa siku kwa sababu ya kazi yake: benki hawairuhusu, mahakamani hawairuhusu, msikitini anaona haya. Kila kuvua na kuvaa ni nafasi ya kukosea, na chemba tupu husamehe makosa mengi. Anayekunywa simweki kwenye orodha hii. Huyo akienda kunywa, bastola inabaki nyumbani.

Na ukichagua chemba tupu, basi ufanye mazoezi ya chemba tupu. Kuchomoa na kuvuta slaidi viwe mwendo mmoja, bastola ikipanda kifuani, mtutu mbele. Wengi huchagua Hali ya Tatu halafu uwanjani wanafyatua kutoka mezani, bastola imeshapakiwa. Pale Kirigiti, Kiambu, wenye bastola hukutana kwa mashindano ya kujilinda. Hata usiposhinda kitu, ule mlio wa saa ya kuanzia utakuonyesha mikono yako inafanya nini ikiharakishwa. Mara ya kwanza mimi nilivuta slaidi mara mbili, nikatupa risasi nzima chini mbele ya watu.

Wenzetu walioko Marekani wana lao la ziada. Majimbo 29 huko yanaruhusu mtu mzima anayetimiza masharti kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kupata mafunzo. Jitafutie. Na maana ya "silaha iliyopakiwa" hubadilika ukivuka mpaka: Utah, kwa mfano, kwa desturi ya sheria yake huitazama bastola inayohitaji vitendo viwili ili ilie, kuvuta slaidi na kubonyeza triga, kuwa haijapakiwa. Jimbo jirani halilazimiki kuitazama hivyo.

Hatua ya tano: jaribio la siku 30

Ukishajiridhisha na yote hayo, bado usipakie chemba. Iambie bastola ikuthibitishie.

Kwa bastola za Glock, triga ni shahidi. Ikiwa imekokiwa, triga inakaa mbele. Ikishafyatuliwa, inabaki nyuma, na haiwezi kurudi mbele mpaka slaidi ivutwe. Kwa hiyo asubuhi, mtutu kwenye ndoo, toa magazini, hakiki chemba kwa jicho na kidole, vuta slaidi uiachie ikiwa tupu. Imekokiwa, haina kitu ndani. Sasa ingiza magazini yenye risasi, usiguse slaidi tena, na urudishe kwenye holsta. Una bastola ya chemba tupu ambayo bado unaweza kuitumia ukilazimika, na ambayo inaandika kumbukumbu ya siku nzima. Mwenye 75 B atafanya hivyo hivyo kwa nyundo iliyokokiwa na sefti iliyofungwa, na jioni ataangalia kama sefti imejifungua yenyewe kwa kusuguana na mwili.

Ishi maisha yako. Panda matatu, cheza na watoto, beba gunia, lala kwenye kochi. Jioni chomoa uangalie triga, uandike tarehe. Siku 30 mfululizo triga ikiwa mbele, nenda uwanjani ukapakie chemba kwa mara ya kwanza mbele ya mkufunzi. Ikikutwa nyuma siku yoyote, kuna kitu kiliibonyeza, na siku ile kama ungekuwa na risasi chemba ungekuwa hospitali au kituoni.

Nilipoanza upya baada ya suti, nilifika siku ya 24 bila doa. Siku hiyo kulikuwa na mvua, nikavaa jaketi. Mchana nilivua bastola kuingia benki, nikairudisha kiunoni nikiwa ndani ya gari, haraka haraka, foleni nyuma inapiga honi. Jioni triga ilikuwa nyuma. Nilikaa kitandani nikilitazama lile jaketi kwa muda mrefu kabla ya kuona: uzi wa kukazia kiuno, na mwishoni mwake kile kibonge cha plastiki kinachobana uzi, kidogo kama punje ya mahindi, kina mkwaruzo mpya ubavuni. Kilikuwa kimeingia kwenye holsta pamoja na bastola.

Nikachukua mkasi nikaukata uzi, kulia na kushoto. Nikapekua majaketi yote ya nyumba, yangu na ya mwanangu mkubwa, nikakata sita. Kesho yake nikaandika kwenye daftari: siku ya 1.